Kabla hujanunua kesi ya kupandia ndege na baiskeli, shika futi kamba kwanza

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, ya kwanza kabisa kuja Afrika, huku kwetu Arusha na Moshi swali nalolisikia mara kwa mara ni hili, nisafirishe vipi baiskeli yangu kwa ndege na ninunue kesi gani. Majibu yanayokuja haraka huwa ni majina ya kampuni za kesi, chukua Scicon, chukua Evoc, hapana bora Thule, mwingine anasema usipoteze hela kachukue boksi la karatasi dukani. Wote wanaweza kuwa sahihi na bado wewe ukaumia, manake kesi iliyomfaa mwenzako ilimfaa kwa baiskeli yake na tiketi yake. Ndo maana mi nasema kesi ni kitu cha mwisho kuchagua, anza na baiskeli yako, fuata tiketi, alafu dukani utaenda ukijua unatafuta nini.

Namba ya kwanza kuijua ni 158. Mashirika mengi ya ndege yanapima begi kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, jumla ikipita sentimita 158 begi lako linahesabiwa limezidi ukubwa. Sasa chukua futi kamba uende ilipo baiskeli. Gurudumu la baiskeli ya lami lenye tairi la 700 kwa 28 lina kipenyo cha karibu sentimita 68, kwa sababu pale tairi linapokalia ringi ni milimita 622, ongeza 28 za juu na 28 za chini unapata 678. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni kama mita moja, na hata ukitoa magurudumu yote mawili, fremu pamoja na foki, yani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, bado zinaidai ile mita. Haya jumlisha, 100 za urefu na 68 za kimo, umeshafika 168 na unene hujaugusa bado. Kwahiyo hakuna upangaji wowote utakaoiingiza baiskeli ya kawaida kwenye 158 ikiwa na foki yake, na muuzaji akikwambia kesi yake inaingia humo muulize nini kinatolewa au nini kinakatwa.

Kukata kupo kweli. Kuna viungio vya S&S vya kupachikwa kwenye fremu ya chuma au titani ili igawanyike vipande viwili, na kesi yake ni inchi 26 kwa 26 kwa 10, jumla inchi 62, ambazo ndo zile zile sentimita 158. Utaona gurudumu la 68 linaingizwa kwenye kesi ya 66, linaingia ukitoa upepo tairi ikalala. Ritchey nao wana Break-Away, fremu inayoachana kwa kiungio kidogo pale chini karibu na pedali na kwenye bomba la siti. Na Brompton, ile baiskeli ndogo ya kukunjwa, ikishakunjwa iko chini ya hiyo namba bila shida. Mtu anayeruka na baiskeli mara nyingi kwa mwaka afikirie njia hii kwa uzito wake, ada za mzigo atakazookoa zinaweza kulipa gharama ya fremu. Sisi wengine tukubali tu kwamba tutazidi, manake kesi nyingi za baiskeli, ngumu kwa laini, jumla yake inaangukia kati ya 230 na 270, na hapo kinachobaki ni shirika lako linasema nini kuhusu kuzidi huko.

Na hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu hakuna sheria moja. Yapo mashirika yanayoihesabu baiskeli kama begi lako la kawaida ilmradi umetoa taarifa mapema na kilo hazijazidi, yapo yanayotoza ada moja maalum ya vifaa vya michezo, yapo yanayokutoza begi la ziada pamoja na ada ya ukubwa juu yake, na yapo yanayoruhusu begi la hadi sentimita 300 kwa jumla lakini yakakubana kwenye uzito. Soma kipengele cha vifaa vya michezo cha shirika lako, usitegemee cha mwenzako aliyeruka mwaka juzi, alafu waandikie wakujibu kwa maandishi kwamba baiskeli yenye vipimo hivi na kilo hizi imeingizwa kwenye safari namba fulani, hayo majibu uyachapishe utembee nayo. Ukitokea KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, karibu kila safari ya mbali ina kubadilisha ndege mahali, Nairobi, Addis Ababa, Doha, kwahiyo angalia na tiketi yenyewe. Ikiwa ni tiketi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa kawaida inatumika sheria moja ya mizigo njia nzima, ila ukiunganisha tiketi mbili ulizonunua mbalimbali kila shirika linakuja na lake, unaweza kulipa huku na kule ukalipa tena.

Namba ya pili ni 23, kilo. Ndo kiwango cha begi moja kwa tiketi nyingi za daraja la kawaida, na 32 ndo mwisho ambapo mashirika mengi hayapokei begi moja zito zaidi kwa sababu kuna binadamu wanalinyanyua. Hapa kesi inaanza kula nafasi yako. Boksi gumu tupu lina kilo 10 mpaka 14, begi laini lenye fremu ya ndani ni kama 8 mpaka 10, boksi la karatasi ni 3 mpaka 5. Baiskeli ya kaboni ya kilo 8 na nusu ndani ya boksi la 12 inakuachia kilo mbili na nusu za pedali, helmeti na viatu. Baiskeli ya chuma ya grevo, yani ya barabara za vumbi, yenye kilo 11 na nusu ndani ya boksi hilo hilo imeshavuka hata hujaweka soksi. Watu hawalipigii hesabu hili, wanasoma "inalinda kwa asilimia zote" wananunua, siku ya safari wako kaunta wanatoa vitu kwenye kesi na foleni iko nyuma yao. Kama baiskeli yako ni ya chuma na tiketi yako ni ya 23, boksi gumu lishajiondoa lenyewe kwenye mchezo.

Sasa ulinzi, manake hilo ndo tunalolilipia. Baiskeli kwenye ndege haivunjiki sana kwa kuanguka kifudifudi kama watu wanavyowaza, inaumizwa na kubanwa ubavuni. Kesi inalazwa, mabegi yanapangwa juu yake, na uzito wote unatua kwenye kile kilichojitokeza nje kuliko vingine. Kwa baiskeli nyingi kilichojitokeza ni kibadili gia cha nyuma na kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachokishikilia, hanga, ambacho kimetengenezwa makusudi kiwe laini kipinde chenyewe fremu ipone. Kingine ni miguu ya foki na ya nyuma, ukishatoa gurudumu hamna kinachoizuia isisogeleane, na kaboni ikibanwa pale inapasuka. Kingine diski za breki.

Boksi gumu linajibu hilo la kubanwa vizuri, hasa yale yenye nguzo ya katikati inayozuia kifuniko kisiingie ndani, Bikeboxalan ya Uingereza ni mfano unaojulikana. Ila gumu halimezi mshtuko, likidondoka mshtuko wote unapita mpaka kwenye baiskeli kama hukujaza sponji ndani, na mikanda inayobana fremu ikikazwa kupita kiasi inaweza yenyewe kuumiza bomba jembamba la kaboni. Begi laini lenye fremu ya chuma ndani, yani baiskeli inasimama kwenye kitako imefungwa ekseli zote mbili, linalinda kwa namna nyingine, hanga na foki haziguswi kwa sababu chuma cha kitako ndo kinachobeba, na lina magurudumu kwahiyo mbeba mizigo analisukuma limesimama badala ya kulilaza. Udhaifu wake ni ubavu, hapo kati ya chuma na ganda kuna kitambaa na sponji tu. Mimi kwa safari zetu za kubadilisha ndege nalipendelea hili la pili kwa baiskeli nyingi za lami na za grevo, kwa uzito wake zaidi kuliko kitu kingine, nikijua ule ubavu ntauongezea mwenyewe.

Na kuna watu wa Cycling UK, chama cha waendesha baiskeli cha Uingereza, waliojulikana kwa mfuko wa plastiki mwangavu unaoonyesha kila kitu, hoja yao ni kwamba mpakiaji akiona ni baiskeli hataitupia mizigo juu. Wapo wanaoapa kwa njia hiyo. Hoja naielewa, ila mashirika mengine hayaupokei kama kifungashio, na kwenye kubadilisha ndege kuna mikono mingi mno, huwezi jua wote wataangalia.

Boksi la karatasi lisidharauliwe jamani. Lile boksi baiskeli mpya inayokuja nalo dukani, lina kama sentimita 135 au 140 kwa 75 kwa 20 na kitu, ni jepesi, mara nyingi ni bure ukiomba vizuri, na kwa safari ya kwenda bila kurudi palepale hakuna kinacholishinda. Angalia wale wa Tour d'Afrique, msafara wa baiskeli, wanaotoka Cairo mpaka Cape Town tangu 2003, wanapita hapa hapa Arusha, mtu ameanzia Misri anamalizia Afrika Kusini, kesi ya gharama kubwa angeiacha wapi? Anafika na boksi, analiacha, kule mwisho anatafuta lingine. Tatizo lake ni maji, siku ya masika likae dakika chache tu chini ya bawa la ndege likisubiri kupakiwa kitako kinalainika na matundu ya kushikia yanachanika. Zungusha selotepu pana chini yote na kwenye matundu, weka nailoni ndani, alafu kata vipande vya mbao au mianzi visimame kati ya kuta mbili pale katikati ili likilaziwa lisizame.

Kitu kilichobadilisha mchezo mzima miaka hii ya karibuni ni usukani. Baiskeli nyingi mpya za lami nyaya na mipira ya mafuta ya breki zinapita ndani ya usukani, zinashuka kwenye shingo ya fremu, hazionekani nje. Zinapendeza ila huwezi kutoa usukani na kuulaza pembeni kama zamani, mipira haina urefu wa kutosha, ukilazimisha unaikunja na kisha ni kumwita fundi wa kutoa hewa kwenye mafuta ukiwa ugenini. Kwahiyo kabla ya kulipa hata senti jaribu nyumbani, legeza usukani, ona unageuka mpaka wapi. Ukiwa unatoka na kulala vizuri kwenye bomba la juu, kesi yoyote inakufaa. Ukiwa umeganda, unahitaji begi ambalo baiskeli inaingia na usukani wake umesimama, zile Scicon AeroComfort zilijulikana kwa hilo, na ukubali kwamba zinakuwa pana pale mbele. Mwenye baiskeli ya mlima ana swali lingine, tairi la 29 kwa 2.25 lina karibu sentimita 74 na usukani wake ni mpana, kesi zilizochongwa kwa ajili ya baiskeli za lami nyingi hazilipokei, pima mfuko wa gurudumu kabla hujaamini maneno ya tangazo.

Kesi yoyote utakayochukua, kazi kubwa ya ulinzi unaifanya wewe jioni ya kabla ya safari, na vifaa vyake havina gharama. Nenda kwa fundi masofa omba mabaki ya godoro, hayo magumu, kuliko plastiki ya mapovu ambayo inapasuka ukishaibana mara moja. Weka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma, chukua alenki namba 5, fungua kibadili gia kutoka kwenye hanga bila kukata waya wala kutoa cheni, kivishe soksi nzito, kifunge kwa ndani ya fremu kati ya miguu ya nyuma. Hiyo dakika chache inaokoa uharibifu unaotokea kuliko wote. Kati ya miguu ya foki weka kile kiplastiki ambacho baiskeli mpya zinakuja nacho, maduka yanavitupa, waombe wakuwekee, na nyuma fanya hivyo hivyo, au ingiza ekseli yake na kipande cha bomba kilichokatwa kwa upana sawasawa. Toa diski kama una kifaa, zifunge katikati ya makaratasi magumu mawili uziweke kwenye begi la mkononi au katikati ya nguo. Kwenye breki za mafuta chomeka karatasi nene kati ya pedi, manake mtu akibonyeza mkono wa breki bila diski pedi zinashikana na kuzifungua ni shughuli. Pedali zilegeze nyumbani ambako una spana ndefu, na kumbuka ya kushoto inafunguliwa kinyume na ya kulia, yani unazungusha kufuata mshale wa saa. Hakikisha hakuna chuma kinagusa chuma wala kaboni. Na beba spana ndogo ya kupima mkazo, bolti nyingi za usukani zinaandikwa 5 Nm na mkono wa mtu aliyechoka na safari hauwezi kuihisi 5.

Kuhusu upepo wa tairi, watakwambia utoe wote la sivyo zitapasuka angani. Sehemu ya mizigo kwenye ndege za abiria ina mgandamizo wa hewa kama wa kule ulikokaa wewe, na huo kwa kawaida haupungui kuliko wa kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, yani juu kidogo ya ukingo wa Ngorongoro. Baiskeli iliyojazwa upepo Tanga ukaipandisha kwa gari mpaka pale ukingoni tairi hazipasuki. Lakini shirika likisema toa, toa, usibishane na kaunta, ila bakiza kidogo, tairi yenye upepo kidogo inailinda ringi na chini.

Betri ni jambo la kusimamia kwa makini zaidi ya upepo. Zile ndogo za kuchomoa za gia za umeme, kama za SRAM AXS, zichomoe ubebe mkononi, ili kibadili gia kisije kikaamka njiani. Pawabenki nayo mkononi, kamwe isiingie kwenye kesi. Mwenye baiskeli ya umeme ajue kwamba betri juu ya wati-saa 160 haipandi ndege ya abiria kabisa, na betri za baiskeli za umeme karibu zote ziko juu sana ya hapo, kwahiyo asafiri na fremu akodi betri huko aendako. Chupa za gesi za kujazia tairi ziache nyumbani, beba pampu.

Fikiria pia kutoka uwanjani. KIA mpaka Arusha mjini ni kama kilomita 50, na boksi gumu la sentimita 120 haliingii kirahisi kwenye IST, utahitaji Noah iliyolazwa viti vya nyuma au kirikuu. Begi laini linakunjwa ukishatoa baiskeli, chumba kidogo cha hoteli kinalipokea chini ya kitanda. Na kama kuna kipande cha ndege ndogo za kwenda mbugani, zile zinazotaka begi laini la kilo 15, baiskeli ibaki nyuma au ipelekwe kwa gari, hapo hamna kesi ya kukuokoa.

Bei za kesi hizi Ulaya, zikiwa mpya, ni kama euro 400 mpaka 800, hujaweka usafirishaji na ushuru wa kuingiza, na kitu chenyewe kinalala stoo karibu mwaka mzima. Ndo maana naona klabu ichangishane inunue moja au mbili nzuri, begi laini lenye kitako na boksi moja gumu, mwanachama akisafiri anachukua kwa ada ndogo ya matengenezo na anairudisha imepanguswa. Anayeenda mara moja tu, tena na baiskeli ya chuma, achukue boksi la karatasi alitengeneze vizuri kama nilivyoeleza.

Na kesi ina uhusiano na haki zako, hili halisemwi vya kutosha. Kwa safari za kimataifa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote zimo, unalibana shirika lilipe mzigo ulioharibika ukiwa mikononi mwake, kwa kikomo cha SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria tangu Desemba 28, 2024, kama dola 2,000 hivi. Baiskeli nyingi za kaboni zina thamani zaidi ya hapo, kwahiyo ama utoe tamko la thamani kaunta na kulipia nyongeza wanayotaka, ama uwe na bima yako. Shirika linaweza kujitoa kwa kusema tatizo lilikuwa kwenye mzigo wenyewe, na kaunta wakiona kifungashio hafifu wanaweza kukubandikia lebo inayopunguza dhamana yao na kukusainisha. Soma kabla hujasaini. Piga picha kila hatua ya kufunga, saa ikionekana, na picha ya kesi ikiwa kwenye mizani. Ukifika fungua palepale ukumbi wa mizigo kabla hujatoka nje, zungusha magurudumu, angalia hanga kwa nyuma kama imenyooka, pitisha kidole kwenye miguu ya foki. Ukiona kitu nenda dawati la mizigo wakuandikie ripoti na uondoke na nakala, alafu madai yenyewe yaandike kwa shirika ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea mzigo, na kama baiskeli ilichelewa kufika una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Simu haitoshi, iwe barua au imeli, na kile kistika cha begi kwenye tiketi yako usikitupe mpaka baiskeli umeshaiendesha na umeridhika.